RNA si tarishi tu

Yeyote anayedai kwamba RNA ni tarishi wa DNA tu, hivyo haiwezi kuwa chimbuko la uhai, amekosea. Mwaka 1982 Thomas Cech na wenzake walionyesha RNA ya kijidudu Tetrahymena ikijikata na kujiunga yenyewe, bila protini yoyote kuisaidia.

Ushahidi mzito zaidi kwamba RNA hufanya kazi yenyewe umo shambani. Punje ya mahindi ikichipua katika udongo wa Ufipa, kila protini ya mche ule huungwa na ribosomu, na kitovu kinachofanya kazi hiyo ni RNA. Kweli, bado hakuna aliyeunda uhai maabarani. Hilo halifuti ushahidi huu. Walimu wa baiolojia wa Sumbawanga, wafundisheni watoto RNA kwa ukamilifu wake.