Impreza ya McRae ilinyanyuliwa, za mtaani zinashushwa

Juni 2021, Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia baada ya miaka 19, Thierry Neuville aliamka Jumapili asubuhi kule Naivasha akiongoza kwa zaidi ya sekunde 50. Kombe lilikuwa linanukia. Kwenye hatua ya kwanza tu ya siku hiyo, Loldia, shokapu ya nyuma kulia ya Hyundai yake ikafa, na mbio zikaishia hapo. Sébastien Ogier akachukua ushindi. Injini ya Neuville ilikuwa nzima na gari halikuwa limepinduka. Kilichomtoa ni shokapu.

Ile ni timu ya kiwanda, yenye wahandisi na spea za kubadilisha kila jioni. Sasa aangaliwe kijana wa Dar es Salaam, Arusha au Iringa aliyehangaika miaka mitatu akapata Subaru Impreza ya zamani, zile za 1992 hadi 2000 ambazo mafundi huziita GC8, na ndoto yake ni kushiriki mbio za vumbi siku moja. Hela yake ya kwanza inakwenda wapi? Kwenye turbo. Ya pili kwenye bomba la moshi, mtaa mzima ujue amerudi nyumbani. Ya tatu kwenye rimu za rangi ya dhahabu. Kisha anaingia gereji na kusema: "Fundi, ishushe kidogo." Fundi anajibu "Sawa kaka", anachukua grenda, anakata springi.

Kinachochekesha ni kwamba kijana huyo anafanya yote haya kwa heshima ya Colin McRae. Ile Impreza ya bluu iliyompa McRae ushindi wa Safari mwaka 1997 haikushushwa hata kidogo. Ilinyanyuliwa. Ilifungwa vyuma vya kinga mbele na bomba refu la kuvutia hewa juu ili ivuke maji, na springi na shokapu zake ziliandaliwa kwa ajili ya mashimo, mawe na makorongo ya Kenya. Picha ambazo vijana wengi wamebandika ukutani, zile ambazo gari limelalia lami, ni za mbio za lami za Ulaya. Gari ni lilelile kwa jina, kazi ni nyingine kabisa.

Springi hubeba uzito wa gari. Shokapu haibebi uzito, ingawa wengi hudhani hivyo. Kazi yake ni kuituliza springi, maana springi ikishabonyea hutaka kurudi kwa nguvu ileile, na bila kitu cha kuizuia gari litaruka kama mpira. Ndani ya shokapu mna oili inayopitishwa kwenye vitundu vidogo, na nguvu ya kurukaruka inageuka kuwa joto. Ndiyo maana shokapu ya gari lililotoka kwenye vumbi kwa kasi haishikiki kwa mkono.

Kwa hiyo vitu hivi viwili huchaguliwa pamoja. Anayenunua springi peke yake kwa sababu ameipata kwa bei nzuri amenunua tatizo. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ikikatwa mzunguko mmoja, haiwi fupi tu. Inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, kwa sababu waya uliobaki wa kujipinda umepungua. Shokapu iliyopo ilitengenezwa kwa springi laini, tena ina miaka 25 na imeshachoka. Inaambiwa izuie kitu chenye nguvu zaidi, huku nafasi ya kupanda na kushuka ikiwa imepunguzwa. Gari likiingia kwenye shimo, shokapu inagonga mwisho wake, chuma kwa chuma. Mara kumi, ishirini, halafu siili inapasuka na oili inavuja. Springi iliyokatwa nayo hupwaya gurudumu linaponing'inia, na inaweza kuchomoka mahali pake. Kwenye tuta la Mbagala huo ni usumbufu. Kwenye kona ya vumbi kwa kilomita 120 kwa saa, na msoma ramani pembeni, ni suala la roho za watu wawili.

Wapo watakaobisha kwamba gari likiwa chini hushika kona vizuri. Kwenye lami nyororo hoja hiyo ina ukweli, ila hata huko si wote wanaoielewa. Impreza, kama magari mengi ya rika lake, ina shokapu zinazosimama wima na kushika gurudumu lenyewe. Gari la namna hiyo likishushwa sana, mikono ya chini inapinda kuelekea juu na mpangilio wote unaharibika: gari linalala zaidi kwenye kona badala ya kulala kidogo, na magurudumu ya mbele yanajipinda yenyewe kila yakipanda tuta. Dereva anahisi stelingi ina wazimu, anakimbilia alaimenti, alaimenti inafanyika mara tatu na ugonjwa uko palepale.

Anayetaka kuchagua sawasawa aanze na swali la barabara, kwani ndilo linaloamua mengine yote. Gari litakwenda wapi siku nyingi? Kama ni kazini na Jumapili Bagamoyo, springi za urefu wa kiwandani na shokapu mpya za ubora wa kiwandani, kama KYB, zinamtosha, na gari litarudi kuwa lile lililosifiwa lilipokuwa jipya. Wengi hawajawahi kuendesha GC8 yenye shokapu nzima, ndo maana wanadhani gari lenyewe ni bovu na linahitaji kugeuzwa.

Kama ni vumbi la mashindano, kinachotafutwa kwanza ni urefu wa safari ya gurudumu, yaani linavyoweza kupanda na kushuka kabla ya kugonga. Ugumu unafuata baadaye. Hapo shokapu ya bomba moja yenye gesi ya naitrojeni, mfano Bilstein, ina faida kubwa kuliko ile ya mabomba mawili: oili yake haichanganyiki na gesi kirahisi ikawa povu, na joto hutoka haraka kwa kuwa ukuta wa bomba uko wazi kwa upepo. Oili ikishakuwa povu, shokapu ipo kwa jina tu. Zile za kina Reiger na Öhlins ni za daraja la juu zaidi, na bei yake inaweza kuzidi ya gari lenyewe. Anayeanza hazihitaji.

Cha kuogopa zaidi ni mtumba wa Japani wenye nyuzi, ule unaopandishwa na kushushwa kwa kuzungusha nati. Unang'aa, una rangi, na pale Ilala au Kariakoo muuzaji ataapa kwamba umetoka kwenye gari la mashindano. Huenda ni kweli. Lakini ni mashindano gani? Nyingi zilitengenezwa kwa viwanja vya lami, na springi yake ya mbele yenye ugumu wa kilo 8 kwa milimita si jambo la ajabu. Kwenye barabara ya mawe, springi ya hivyo haimezi jiwe, inalirushia gari. Tairi linalokaa hewani halina breki wala kona.

Na mtumba wa aina yoyote upimwe kabla hela haijatoka. Fimbo ya shokapu iwe haina mkwaruzo wala ukungu wa oili. Ile ya gesi ikibonyezwa irudi yenyewe, taratibu, bila kukwama katikati. Ule mtindo wa kubonyeza bampa na kuhesabu gari linavyoruka hutambua shokapu iliyokufa tu, haumtambui mgonjwa. Zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia.

Kuna jingine ambalo huonekana dogo. Bushi za mikono na raba za juu ya shokapu za gari la mwaka 1996 zimekauka. Kufunga shokapu mpya juu ya raba zilizokufa ni sawa na kuvaa viatu vipya mguu ukiwa na mwiba. Bei ya bushi seti nzima ni ndogo ukilinganisha na turbo, na hakuna anayepiga picha na bushi, labda ndiyo sababu haziuziki.

Kwa wenye shaka kwamba gari la zamani linaweza, ipo East African Safari Classic, inayokimbiwa tangu 2003 na magari ya rika la kina Ford Escort, Datsun na Porsche 911. Mwaka 2011 Björn Waldegård aliishinda na Porsche 911 akiwa na miaka 68. Siku baada ya siku gari lile lilikanyaga mawe ya Kenya na Tanzania, likafika. Hakuna injini inayofanya hivyo peke yake.

Lawama nyingine iende kwa wanaoandaa mbio zetu. Kwenye ukaguzi wa magari kabla ya mashindano, mikanda inaangaliwa, vyuma vya kinga vinaangaliwa, helmeti na mtungi wa moto vinaangaliwa, na ni vizuri. Lakini springi iliyokatwa kwa grenda inaonekana kwa macho. Haihitaji mashine. Mkaguzi akiinua gari kwa jeki na kuona springi inapwaya, gari hilo lirudi kwenye trela, hata kama mwenyewe ni rafiki na amelipa ada. Msimu mmoja tu wa ukali wa namna hiyo ungefanya grenda za magereji zipumzike kuliko semina kumi.

Na kijana mwenye Impreza, aliyekwishaweka akiba ya turbo kubwa, bado ana muda. Akibadili mpango hela hiyohiyo itamtosha bushi, raba, springi za urefu halali na shokapu nne za gesi, na huenda ikabaki ya tairi mbili.