Sinema ya Chupa na Ardhi ya Wenyewe

Wako wasemao kwamba kicheko hakina siasa. Mtu ameketi, ametazama mambo ya kuchekesha, amecheka, amekwenda zake kulala, hapana aliyedhurika. Sisi hatukubaliani na kauli hiyo, na mfano tunaouchagua kuipinga si wa sinema iliyotengenezwa ovyo. Ni sinema yenye ustadi, iliyotuchekesha hata sisi tulipoiona zamani katika kanda za video. Tulipoirudia karibuni ilituchekesha tena hapa na pale, kabla ya kutukasirisha.

Sinema hiyo ni The Gods Must Be Crazy, jina ambalo kwa lugha yetu tungelisema Bila Shaka Miungu Wana Wazimu. Iliandikwa na kuongozwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini, ikaanza kuonyeshwa nchini kwake mwaka 1980, na mwaka 1984 ikaingia Marekani, ambako ilipata watazamaji wengi kuliko ilivyo desturi kwa filamu za kigeni. Kisa chake chajulikana. Rubani anatupa chupa tupu ya Coca-Cola kutoka kwenye ndege. Chupa inaangukia jangwani Kalahari, katika jamaa ya Wasan, ambao Wazungu waliwapa jina la watu wa vichakani. Wanaidhani zawadi ya miungu. Lakini chupa ni moja na watu ni wengi. Wivu unazuka, watoto wanapigana, na mzee mmoja, Xi, anaazimu kwenda kuitupa kwenye ukingo wa dunia. Safarini anakutana na magari, mahakama, gereza na bunduki, na mambo yote ya kuchekesha yanatokana na ugeni wake.

Watetezi wa sinema hii husema kwamba anayechekwa humo si Xi bali ni Mzungu, yule wa mjini ambaye huwasha gari ili kwenda hatua chache tu kutia barua katika sanduku la posta. Tunakubali kwamba mahali hapo pamo, na pamechezwa vizuri. Husema pia kwamba Xi anasifiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Hayo nayo ni kweli, na hapo ndipo ugomvi wetu na filamu hii unapoanza. Anasifiwa kwa nini? Msimulizi atuambia, kwa sauti ya upole kama ya mtu anayesimulia habari za wanyama, kwamba watu hawa hawana mali, hawajui kitu kiitwacho umiliki, hawana sheria, hawana mahakimu wala wakubwa. Ndugu msomaji, hebu itazame sifa hiyo kwa jicho la mpima ardhi. Mtu asiyemiliki kitu hawezi kuibiwa kitu. Mtu asiye na sheria hawezi kudai haki mbele ya sheria. Akihamishwa leo na kesho, itasemwa amehama tu, kama ilivyo tabia yake.

Na ardhi ilikwisha kuchukuliwa. Baadhi ya picha zile zilipigwa Namibia, nchi iliyokuwa ikitawaliwa na makaburu, katika eneo la Tsumkwe la watu waitwao Ju/'hoansi. Tume ya Odendaal ilipotoa taarifa yake mwaka 1964 ilipendekeza Namibia igawanywe vipande kwa makabila, na mwaka 1970 Ju/'hoansi wakapangiwa kipande chao. Sehemu kubwa ya nchi ya babu zao ikabaki nje ya mipaka hiyo. Upande mmoja ilitengwa kwa wanyama, upande mwingine ikapewa kabila jingine. Waliobaki walikusanyika Tsumkwe wakila unga wa mgawo, penye duka la pombe, kifua kikuu na magomvi ya ulevi. Chupa walikuwa wanazijua sana. Mwaka uleule wa 1980 Mmarekani John Marshall alitoa filamu yake juu ya maisha ya mwanamke wa huko aitwaye N!ai, na humo twawaona wachezaji wa Uys wakielekezwa namna ya kuwa watu wa kale, na karibu nao askari wa Afrika Kusini wakiandikisha vijana.

Jambo hili la askari yafaa tulitazame kwa utulivu. Katika sinema ya Uys liko pia kundi la wapigania uhuru. Ni wavivu na wapumbavu, wenye kulenga wakakosa, na kiongozi wao anawateka mwalimu wa kike wa Kizungu na watoto wa shule. Ni nani anayewaangusha? Ni Xi, mfuatia nyayo, kwa vishale vidogo vyenye dawa ya usingizi. Watazamaji hupiga makofi. Lakini tangu mwaka 1974 jeshi la Afrika Kusini lilikuwa na kikosi cha Wasan huko Caprivi, na kufikia mwisho wa miaka hiyo ya sabini wanaume wa Tsumkwe nao walikuwa wakiingizwa jeshini, kwa mishahara ambayo hapakuwa na kazi nyingine ya kushindana nayo, ili wafuate nyayo za wapiganaji wa SWAPO. Yaliyoonyeshwa kama mchezo ndiyo yaliyokuwa yakifanyika kweli.

Sisi wa Tanzania hatuna udhuru wa kutowajua wapiganaji hao. Walikaa kwetu Kongwa, Dodoma, wakifanya mazoezi pamoja na ndugu zao wa ANC na vyama vingine. Kutoka huko walitoka baadhi ya wale waliofyatua risasi za kwanza za ukombozi wa Namibia mwezi Agosti 1966. Tarehe 4 Mei 1978, miaka miwili kabla ya sinema hii, ndege na askari wa miavuli wa Afrika Kusini waliishambulia kambi ya Wanamibia huko Cassinga, Angola, wakaua watu zaidi ya mia sita, wengi wao wanawake na watoto. Nasi tulicheka.

Tena tazama adhabu ya Xi. Amemlenga mbuzi, kwa kuwa hajui mbuzi ni mali ya mtu, anafungwa, na mtaalamu wa wanyama, Mzungu mwema, anamtoa gerezani kwa sharti kwamba kifungo chake akitumikie kwa kumfanyia kazi ya kufuata nyayo. Filamu inalileta jambo hili kama huruma. Katika nchi ambayo Waafrika waliokamatwa kwa makosa ya hati za kutembelea walipelekwa kuchimba viazi katika mashamba ya Wazungu huko Bethal, hata watu wakasusia viazi mwaka 1959, mtunzi alipaswa kuona haya.

Si Uys peke yake aliyefuata njia hiyo. Mwaka 1986 ilitoka Australia sinema ya Crocodile Dundee, nayo ni habari ya mtu wa porini aliyepelekwa New York. Huyu ni Mzungu, kwa hiyo jiji halimshindi. Analishinda yeye, na mwanamke anampata. Lakini aulizwapo juu ya madai ya ardhi ya wenyeji wa Australia, anajibu kwamba wao hawaimiliki ardhi, wao ndio mali ya ardhi. Maneno matamu kabisa! Mwenye shamba la ng'ombe angeyapenda.

Sasa tuje kwa mchezaji mwenyewe, N!xau. Ilisimuliwa kwamba alikuwa hajui fedha, hata ujira wake wa kwanza, dola mia chache, akauachia upepo. Hadithi hiyo iliwafurahisha waandishi wa magazeti. Ukweli ni kwamba alikuwa amechunga mifugo ya Waherero tangu utotoni, na kabla ya sinema alikuwa mpishi wa shule Tsumkwe. Fedha alizijua, alilipwa kidogo. Ilipofika zamu ya sehemu ya pili, iliyotolewa mwaka 1989, alidai malipo makubwa na akayapata.

Kuhusu sehemu hiyo ya pili hatuna mengi. Watoto wawili wanachukuliwa na gari la wawindaji haramu wa pembe za ndovu, baba anawafuata. Na pembeni kuna askari Mkuba na askari Mwafrika wanaotekana kwa zamu, mwaka mmoja tu baada ya vita vya Cuito Cuanavale, ambavyo havikuwa mchezo kwa yeyote. Zilizofuata zilitengenezwa Hong Kong, mwaka 1991, 1993 na 1994. Katika ya kwanza ya hizo maiti ya Kichina inayorukaruka inashuka kwa watu wa N!xau, na roho ya Bruce Lee inampanda. Dunia ilikuwa imebadilika, Namibia ilikuwa huru tangu tarehe 21 Machi 1990, lakini mchezaji alitakiwa avae kile kipande cha ngozi na ashangae upya.

Katika miaka hiyo ya themanini watawala wa Namibia walikuwa na mpango wa kuigeuza nchi ya Ju/'hoansi iwe hifadhi, ambamo wangeruhusiwa kubaki iwapo wangewinda kwa upinde mbele ya watalii, pasipo ng'ombe wala mashamba. Wao walijibu kwa kuchimba visima na kufuga, na mwaka 1986 wakaunda chama chao cha wakulima.

Tungekuwa wanafiki kama tungeishia kwa makaburu. Botswana huru iliwaondoa Wasan katika hifadhi ya Kalahari ya Kati mwaka 1997 na 2002, hata Mahakama Kuu ilipoamua, Desemba 2006, kwamba walikuwa na haki ya kuishi humo. Kwetu, katika miaka ya sitini, Wahadzabe walikusanywa Yaeda Chini wapate kuwa wakulima. Wengi wakarudi porini. Mwaka 1968 Wamasai waliambiwa wavae suruali. Leo mambo yamegeuka: twawaomba wote hao wavue suruali, maana mtalii anakuja na kamera yake. Mkoloni alimtaka Xi abaki na upinde; sisi tulimpa jembe kwa nguvu, kisha tukamrudishia upinde kwa kiingilio. Katika yote hayo swali la ardhi ni ya nani halikuulizwa kwake.

N!xau aliporudi kwao alijenga nyumba ya matofali, akataka iwe na umeme na maji ya pampu. Akalima mahindi, maharage na maboga, akafuga ng'ombe. Alifariki Julai 2003 karibu na Tsumkwe.