Alama 60 Zinazofungiwa Kabatini



Nina dukuduku ambalo wanafunzi wa vyuo vikuu tunalinong'ona kwenye korido na kuliacha hukohuko.

Vyuo vingi nchini hugawa alama za somo hivi: kozi waki 40, na mtihani wa mwisho wa semista, ule tunaouita UE, 60. Kozi waki ni majaribio, asaimenti na semina za semista nzima. UE ni saa tatu tu. Mimi siombi 60 hizo zipunguzwe. Asaimenti za makundi tunazijua: majina kumi juu ya jalada, waliofanya kazi wawili, na siku hizi hao wawili nao wamesaidiwa na akili mnemba. Chumba cha mtihani angalau humpima mtu mwenyewe. Kwa jirani zetu Kenya, mara nyingi mtihani hubeba hata 70.

Linaloniuma ni usiri. Chuoni kwetu asiyefikisha 16 kati ya 40 haruhusiwi kufanya UE, kwa hiyo kozi waki inatakiwa ibandikwe mapema. Semista iliyopita, masomo mengine yalibandikwa mtihani ukiwa umeshapita! Tupige hesabu. A huanzia 70. Mwenye kozi waki ya 32 anatafuta 38 kati ya 60. Mwenye 20 anatafuta 50. Hawa hawawezi kusoma kwa ratiba moja, hasa mitihani yote inapobanwa ndani ya wiki mbili. Usipojua una ngapi mkononi, unabahatisha tu ni somo gani la kukeshea.

Baada ya mtihani ndiyo balaa. Karatasi ya jaribio hurudi, ukaona ulipokosea. Kijitabu cha UE hakirudi. Kinachorudi ni herufi kwenye mfumo. Ukikata rufaa unalipia kila somo, fedha hairudishwi, na jibu huwa maneno mawili: "Hakuna mabadiliko." Tunaambiwa yupo mtahini wa nje. Sawa, lakini yeye hupitia sampuli, na sampuli si lazima iwe kijitabu changu.

Herufi hiyo si jambo dogo. B+ ina pointi 4, C ina 2. Ukisapu, yaani ukirudia mtihani ulioufeli, hata ukijibu kama profesa, unaandikiwa C. Halafu nafasi ya mkufunzi msaidizi (Tutorial Assistant) inatangazwa, sharti GPA ya 3.8, mwenye 3.7 asijisumbue hata kununua bahasha. Mtu anaweza kukosa kazi kwa sababu ya ukurasa uliorukwa wakati wa kujumlisha alama, na hatajua kamwe.

Nawaomba wakuu wa vyuo, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inayowasimamia, mambo mawili. Kwanza, kozi waki ibandikwe wiki moja kabla ya UE, na somo ambalo halijabandikwa lisifanyiwe mtihani. Pili, mwanafunzi aruhusiwe kukitazama kijitabu chake mbele ya mwalimu, hata kwa dakika kumi, kabla seneti haijapitisha matokeo.

Najua jibu litakalotolewa: madarasa yana watu 600. Ni kweli. Lakini karatasi za majaribio za darasa hilohilo la watu 600 hurudishwa kila semista, na CR, yaani mwakilishi wa darasa, huzigawa nje ya ukumbi kabla kipindi kinachofuata hakijaanza.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Dar es Salaam