Sensa uza kwa namba, usiuze kwa jina la gari

Leo naongea na nyie mnaouza spea kwenye status na Instagram, hasa mnaopokea zile meseji za "bosi, una oksijeni sensa ya Altezza? Bei ya mwisho ngapi?" Na mimi ninauza hukohuko, na msimamo wangu ni mmoja: ukimjibu huyo mtu kwa bei moja kwa moja, umemkosea, hata kama hujamdanganya. Kwa sababu "sensa ya Altezza" hakuna kitu kama hicho.

Altezza ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005. Vijana wengi wanaiita Altezza tu, basi. Lakini ukiangalia namba ya chasisi kwenye kadi ya gari, ikianza na SXE10 hiyo ni RS200 yenye 3S-GE ya silinda nne. Ikianza na GXE10 ni AS200 yenye 1G-FE ya silinda sita. Na kuna ile ya nyuma ndefu, Gita, ikianza na JCE10 ni ya lita 3 yenye 2JZ-GE. Injini tatu. Halafu kuna sensa inayokaa kabla ya masega na inayokaa baada ya masega, na urefu wa waya na plagi vinatofautiana. Sasa wewe umetaja bei ya ipi?

Anayelia hapa ni mteja. Gari lina miaka zaidi ya 20, kalinunua kwa kujibana, linakunywa mafuta, fundi kamwambia sensa. Anatuma hela kutoka Songea, unampakia kwenye basi, anafika nayo kwa fundi, plagi haiingii. Anakupigia, unamwambia "vifaa vya umeme havirudishwi". Mimi sipingi hiyo sheria, hata duka langu linayo, maana sensa ikishafungwa na kuungua huwezi kuirudisha stoku. Ninachopinga ni kuitumia kama ngao wakati hukumuuliza swali hata moja kabla ya kupokea hela. Hiyo siyo sheria ya biashara, hiyo ni kumvizia mtu.

Kwa hiyo uliza namba. Kwenye Toyota ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Sensa ya oksijeni ya kawaida namba yake inaanza na 89465. Ikianza na 89467, hiyo ni sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, kitu kingine kabisa. Kwa macho zinafanana, uzi ni uleule, spana ni ileile ya 22, na wauzaji wengi wanazichanganya kwenye boksi moja. Lakini ya kwanza inatoa umeme mdogo kama wa volti 0.1 mpaka 0.9 na kuiambia kompyuta "mafuta mengi" au "mafuta machache" basi. Ya pili inapima kiasi, na kompyuta inaisoma kwa njia nyingine. Ukifunga moja mahali pa nyingine gari haitatulia, na lawama utabeba wewe.

Namba inakuwa imeandikwa kwenye mwili wa sensa ya zamani au kwenye plagi. Mwambie mteja aipanguse kwa petroli na aipige picha kwenye mwanga. Ikiwa imeliwa na kutu, chukua namba nzima ya chasisi, tafuta kwenye katalogi. Dakika kumi hizo.

Na hapa ndipo bei inaposhuka kwa haki, siyo kwa ujanja. Sensa nyingi za Toyota hutengenezwa na Denso. Ukishapata namba ya Toyota, unatafuta namba ya Denso inayolingana nayo, na unaikuta kwenye boksi la Denso kwa bei ya chini kuliko boksi la Toyota. NTK nao wapo, hao ni ndugu wa plagi za NGK. Pia namba moja mara nyingi inaingia kwenye gari zaidi ya moja, kwa hiyo kitu kinachouzwa kwa bei ya "gari ya mbio" unaweza kukikuta kimelala dukani kwa jina la gari ya kwenda sokoni. Mwenye namba anakiona. Mwenye jina la gari hakioni.

Halafu kuna zile za kuunganisha waya, zinakuja bila plagi, unakata plagi ya zamani. Hizi ni nafuu na mimi nauza, ila natuma na maelezo, kwa sababu rangi za nyaya zinaua. Denso za aina hii huwa na nyeusi mbili za hita, bluu ya ishara na nyeupe ya ardhi. Bosch huwa na nyeupe mbili za hita, nyeusi ya ishara na kijivu ya ardhi. Fundi akiunganisha nyeusi kwa nyeusi bila kuuliza, amepeleka umeme wa hita kwenye waya wa ishara. Na nyaya zibanwe kwa vibanio, zisichomwe risasi, kwa sababu sensa nyingi zinavuta hewa ya kulinganishia kupitia ndani ya waya wenyewe.

Kopi zisizo na jina? Ukitaka kuuza, uza, lakini iite kopi. Kuchukua kopi na kuivisha boksi la Denso, mimi hapo sina maneno mazuri. Na sensa za mtumba sizigusi. Hiki ni kitu kinachochakaa kwa kutumika, na hujui injini iliyokibeba ilikuwa inakula oili kiasi gani.

Kuna jambo la mwisho ambalo wauzaji hawapendi kulisikia: mara nyingine mteja hahitaji sensa. Muulize mashine ilisoma nini. Ikiwa ni P0135, hiyo ni hita ya sensa ya mbele. Fundi apime fyuzi na waya kwanza, halafu apime hita kwa mita, na isipoonyesha njia kabisa, imekatika, uza kwa amani. Ikiwa ni P0171, injini inaona hewa nyingi kuliko mafuta, na mara nyingi ni mpira uliopasuka unaovuta hewa ya wizi, au sensa ya hewa imechafuka. Ikiwa ni P0420 na masega walishayakata kuuza au kufanya gari ingurume, usimuuzie sensa mpya ya nyuma, taa itarudi kuwaka. Sensa haidanganyi pale, inasema kweli kwamba masega hayapo.

Wiki iliyopita kuna kijana wa RS200 alikuwa na hela mkononi anataka sensa mbili. Nikamwomba picha ya kwenye mashine, ikawa P0171. Nikamwambia apulizie maji ya sabuni kwenye mipira ya hewa, na asikilize kama kuna sehemu inapiga mluzi. Siku ya pili akanitumia picha ya mpira umepasuka kwa chini. Sikuuza kitu. Jana kaleta rafiki yake mwenye GXE10, na huyo alikuja na namba ya sensa ikiwa imeshaandikwa kwenye meseji ya kwanza.