Sadaka Mbele ya Kamera



Mwaka 2022 mwezi wa Ramadhani uliandama mapema Aprili, na uchaguzi mkuu ukawa tarehe 9 Agosti. Waliowania viti waliuona mwezi mtukufu kuwa ni msimu. Kila magharibi palikuwa na mheshimiwa anayefuturisha, na kila mheshimiwa alikuja na wapiga picha wake. Watu ambao hatukuwahi kuwaona na kanzu walifika na kofia za vito, wakapishwa safu ya kwanza.

Sisemi haya kwa kuwanyooshea wengine kidole. Mgombea aliyekuja msikitini kwetu nilimkaribisha mimi. Alileta lori la mchele, unga na tende. Kamati ikanitaka nimwombee dua, nikaomba, tena dua ndefu. Kisha wajane wa mtaa wakaitwa mmoja mmoja. Mfuko ulishikwa na mheshimiwa upande huu na mjane upande ule, wala haukuachiwa mpaka picha ipatikane. Mjane mmoja alivuta ukaya wake afunike uso. Kijana wa kampeni akamwambia, "Mama, funua kidogo, huonekani." Nami nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nikanyamaza.

Hazikupita siku nyingi picha zikaenea katika simu za watu. Mwanawe akarudi chuoni analia, wenzake wamempa jina la mtoto wa unga. Mama yake hakunilaumu. Alinijia baada ya sala ya alasiri akaniuliza, "Sheikh, lau ningeukataa ule mfuko, ungesema nina kiburi?" Sikuwa na jibu.

Tusije tukavuka mpaka wa sheria. Kutoa hadharani si haramu. Aya ya 271 ya Suratul Baqara inakubali sadaka ya dhahiri, ikaitanguliza ile ya siri apewayo fakiri. Lakini aya chache kabla yake, mwenye kutoa kwa ria amefananishwa na jabali lenye udongo juu yake: mvua ikishuka, hubaki jiwe tupu. Mwenye kutoa mbele za watu ili wengine nao watoe, huyo ana fungu lake. Mwenye kuugeuza uso wa mjane kuwa risiti yake ya kura, amenunua kitu ambacho mjane hakukiuza.

Wanahistoria wanasimulia habari za Ali bin Hussein, Zainul Abidin, aliyeishi Madina. Kulikuwa na nyumba za mafukara zikipata chakula usiku bila kumjua akiletaye. Alipofariki, chakula kikakoma. Nao waliomwosha maiti wakaona mgongoni mwake alama za magunia.

Na wengine wa zama zetu hawatoi hata chao. Hundi za karo kutoka mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ambazo ni fedha za kodi zetu, hukabidhiwa wazazi kwa shangwe na ngoma, kana kwamba mbunge ameuza shamba la babake ili watoto wetu wasome. Mzazi hushukuru kwa kupewa kilicho chake.

Nina Hadithi moja ambayo nimeisomesha miaka mingi, aliyoipokea Abu Huraira na kutolewa na Imam Muslim, ya watu watatu wa mwanzo watakaohukumiwa Siku ya Kiyama: aliyekufa vitani, mwanachuoni, na tajiri mtoaji, wote walitenda ili wasifiwe. Nilikuwa nikifika kwa yule tajiri nikiwakumbuka wanasiasa. Siku hizi nakwama kwa mwanachuoni.

Kamati yetu imekubaliana kwamba msaada wowote utapokewa bila kamera na kupelekwa majumbani usiku na akina mama wa mtaa. Mtarajiwa mmoja wa 2027 tulipompa sharti hilo alisema atatujibu, hajajibu. Mzee mmoja wa kamati akasema, "Heshima mmeilinda, na vyungu je?" Neno lake ni la haki. Tumechangishana baada ya sala ya Ijumaa mara tatu, na tulichopata hakifiki nusu ya lile lori. Aliye na kibaba cha ziada ajue mlango wa nyuma wa msikiti huwa wazi baada ya isha, na taa yake tumeizima.

Wabillahi tawfiq.