Darubini kwa watoto wa Tabora

Mtoto wa Tabora mwenye manati tayari anajua mengi kuhusu ndege: wanalala wapi, wanakunywa maji saa ngapi, mwembe upi wanaupenda. Ujuzi huo tunauacha upotee bure.

Miaka ya 1880, Mjerumani Richard Böhm alizunguka kwenye misitu ya miombo kusini mwa Tabora akikusanya ndege. Keremkerem mmoja wa Tanzania, kijani, mwenye kichwa cha rangi ya kutu na mkia mrefu mwembamba, hadi leo anaitwa Merops boehmi kwa heshima yake. Ni watoto wangapi wa mkoa huu wamewahi kusimuliwa habari hiyo?

Mwalimu bora wa kuanzia ni mrina asali. Anamjua yule ndege anayemwita mtu kwa kelele zisizokatika, akiruka mti hadi mti mpaka walipo nyuki. Mtu akishachukua asali, ndege hula nta na majana. Mtoto akilishuhudia hilo mara moja, hatahitaji kubembelezwa kurudi porini.

Vijana wenye hamu zaidi waifuate njia ya zamani ya misafara kuelekea Ujiji. Huko kuna bonde la Malagarasi, ardhioevu iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2000, makazi ya korongo adimu mwenye mdomo kama kiatu.

Klabu za Malihai, zinazowafundisha vijana uhifadhi wa wanyamapori, zilianzishwa nchini mwaka 1980. Halmashauri ziwanunulie wanachama wa klabu hizo darubini chache, walimu watenge Jumamosi moja kila mwezi, na safari ya kwanza iwe bwawa la Igombe.