Heshi Si Dawa ya Kila Swali

Wandugu, wimbo wa "weka faharasa ya heshi, yatosha" umenichosha. Ndiyo, ukimtafuta mkulima mmoja kwa nambari yake, heshi haina mpinzani. Lakini mkulima wa majani chai wa Kisii au Nyamira, bonasi ikikaribia, huja na risiti zake mkononi: "Nilipeleka kilo ngapi tangu Julai 1 hadi Juni 30?" Kama heshi yako ni ya nambari pamoja na tarehe, utaigonga mara 365, hata kwa siku ambazo hakuchuma. Mti wa B+ hupanga funguo zake: unashuka mara moja, kisha unasoma mfululizo.

Tena msiniambie eti data ikiwa kwenye RAM muundo haujalishi. Prosesa nyingi huchota RAM kwa vipande vya baiti 64. Funguo zilizokaa pamoja huja pamoja. Mwaka 1986 Lehman na Carey walibuni mti wa T mahususi kwa RAM. Mwaka 1999 Rao na Ross wakaonyesha kwamba mti wa B+, mzaliwa wa enzi za diski, unaushinda.

Sikiliza swali kwanza, ndipo uchague faharasa. Anayebisha aje na vipimo.